Ningu wa Mama Mkwe

Asubuhi ile tulikuwa watu watano kwenye ukingo wa mto Kuja. Wa kwanza ni mimi, mke wa pili katika boma letu, mzaliwa wa upande wa Asumbi niliyeolewa huku Migori. Wa pili ni mke mwenzangu, mkubwa wangu kwa ndoa na kwa miaka, aliyekuja na ndoo akisema anachota maji, lakini ukweli alikuja kutazama. Wa tatu ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliyeujua mto huo kuliko alivyoijua nyumba yake. Wa nne ni binti wa ukoo wetu aliyerudi kwao baada ya ndoa kumshinda, na siku hiyo alikuwa anafua. Wa tano ni mzungu.

Majina yao yote ninayo, na majina ya baba zao. Hata jina la baba yake huyo mzungu aliwahi kunitajia mwenyewe, na sijalisahau, ingawa ulimi wangu haukuwahi kulizoea. Lakini baadhi yao wamelala chini ya udongo na hawawezi kujibu, kwa hiyo nitawaita kwa undugu wao tu. Na mama mkwe, hata angekuwa hapa amekaa mbele yangu, jina lake nisingelitaja. Mke wa mtoto halitaji jina hilo. Sisi sote nyumbani tulimwita Mama, basi, na Mama ndiye aliyekuwa amelala nyumbani siku hiyo akingoja samaki.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, yale magugu ya maji yalipoanza kuziba ziwa. Mvua kubwa zilipoanza, Mama akashikwa na malaria. Tukampeleka hospitali, akatundikiwa maji, akarudi nyumbani amepona. Amepona kwa maneno ya hospitali. Maana Mama alikataa kula. Uji aliusukuma kwa mgongo wa mkono. Mayai alisema yananuka. Nikachinja kuku, akatazama bakuli akasema huyo kuku alikufa mwenyewe, mimi nikamkuta tayari. Nilikuwa nimemchinja mbele yake!

Tulimrudisha hospitalini. Daktari wa zamu, kijana mwenye haraka, alimpima, akatuambia, "Hana ugonjwa tena huyu. Anachokosa ni chakula. Mpeni chochote anachotaka, la sivyo mtampoteza."

Chochote anachotaka. Ni rahisi kusema ukiwa umevaa koti jeupe.

Nilipomlaza kwenye mkeka wake nikamwuliza, "Mama, moyo wako unataka nini?"

Hakufikiri hata kidogo. "Ningu," akasema. "Mwenye mayai. Wa kwenye chungu, bila nyanya, bila kitunguu. Hayo madudu yenu ya sokoni usiniwekee."

Kwa msomaji asiyemjua, ningu ni samaki wa ziwa letu, si mkubwa sana, na mdomo wake uko chini ya uso, kama mtu anayebusu mawe. Maji ya mafuriko yakishuka ziwani, yeye huyasikia, na hutoka ziwani akapanda mto kwenda kutaga. Mama alipokuwa msichana, wanaume waliufunga mto kwa uzio wa matete, wakaacha mianya na kuweka vikapu kwenye mianya hiyo, na wakati wa ningu watu walikula mpaka mbwa wakakinai. Mimi mwenyewe nilipoolewa bado niliwaona, wakikaushwa juu ya mapaa. Lakini miaka hiyo ninayoisimulia, nyavu zilikuwa zimejaa pale mto unapoingia ziwani, na mbuta, yaani sangara, alikuwa amemeza kila kilichokuwa kidogo kuliko yeye. Kumtafuta ningu kulikuwa kama kumtafuta mtu aliyehamia Tanzania bila kuaga.

Na usidhani ningeweza kumpa samaki mwingine. Mama alikuwa Msabato wa kweli kweli. Mumi, yaani kambare, na kamongo wa matopeni alisema hawana magamba, kwa hiyo kwake walikuwa najisi, hata kuwataja jikoni alikataza. "Wewe Mkatoliki," alikuwa akiniambia, "unakula chochote kinachotikisa mkia." Mbuta ana magamba, lakini Mama alimwita samaki wa serikali, aliyeletwa bila kuulizwa, mafuta tupu.

Sasa sikiliza jambo lililonibana. Tangu nilipoolewa, Mama alikula kutoka jikoni kwangu. Mke mwenzangu alikuwa na watoto wengi, mimi nilikuwa mgeni, nikapewa kazi hiyo, na mkono ukazoea. Kwa hiyo Mama angekufa kwa njaa, angekuwa amekufa kwa njaa jikoni kwangu. Hivyo ndivyo kijiji kingesema, na wifi zangu wangesema, na wangesema juu ya kaburi ambapo siwezi kujibu. Mke mwenzangu alinikumbusha bila kuulizwa.

"Mimi naona tu huruma," akaniambia. "Watu watauliza, alikuwa akila kwa nani?"

Nikaanza kutafuta. Soko la Migori nililipita mara tatu, meza kwa meza. Nikaenda Homa Bay, ambako binti wa shangazi yangu aliuza samaki ufukweni. Nilimkuta amesimama mbele ya magugu yaliyojaa hadi pale mashua zinapotia nanga, kijani kama shamba, mashua zimekwama katikati kama ng'ombe kwenye matope.

"Ningu?" akacheka mpaka akashika kiuno. "Dada, unamtafuta ningu au unatafuta kaburi lake?" Akanionyesha lundo la mgongo wazi, yaani vichwa na mifupa ya mbuta baada ya viwanda kuchukua nyama. "Huyu ndiye samaki wa siku hizi. Nyama imepanda ndege, sisi tumebaki na mifupa. Nikufungie?"

Sikutaka. Akanipa ngege, yaani perege, wawili wazuri, magamba yao yanang'aa, akasema, "Wakate vichwa, uwapike gizani ndani ya chungu. Mgonjwa hatajua."

Nilifanya hivyo, na Mungu anisamehe. Nikakata vichwa, nikapika polepole, bila nyanya, bila kitunguu. Nikampelekea Mama. Akaketi! Kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili aliketi mwenyewe. Akavuta harufu, akachukua kipande kwa vidole viwili, akakiweka ulimini. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kando yake.

"Kichwa kiko wapi?" akauliza.

"Kichwa, Mama?"

"Ningu hana kichwa siku hizi? Anaogelea kwa tumbo? Lete kichwa nione mdomo wake."

Nikasema paka amechukua. Mama akarudisha kipande ndani ya bakuli, akajilaza, akageukia ukuta. "Huyo ni ngege," akauambia ukuta. "Na jikoni kwako hakuna paka."

Shemeji yangu naye alijaribu. Alisuka vikapu viwili kama walivyosuka baba zake, akaviweka mtoni chini ya jiwe kubwa. Asubuhi alikuta jiwe. Maji yalikuwa yamebeba vikapu, kamba na vigingi.

Hapo ndipo mzungu anapoingia. Alitoka Norway na alikuwa anachimba visima vya maji katika wilaya yetu, mtu mrefu, mpole, mwenye ndevu za rangi ya mahindi. Kiswahili chake kilikuwa cha redio, kimefundishwa na mwalimu wa pwani, kimenyooka kuliko chetu sote. Sisi nyumbani tulisema Kijaluo. Kiswahili tulikivaa tukienda sokoni au tukiitwa na chifu, na tulikivua tukirudi. Alipokuja kwangu mara ya kwanza alisema "Shikamoo, mama," nami sikujua nijibu nini, maana hakuna aliyewahi kunishikamoo. Nikamwambia, "Karibu kiti."

"Naomba manyoya ya jogoo wako," akasema.

"Unataka jogoo?"

"Hapana, mama. Jogoo abaki. Nataka manyoya ya shingo tu."

Jogoo wangu alikuwa mwekundu, shingo yake kama moto. Tulimshika, mzungu akachomoa manyoya sita, moja moja, kwa adabu, akimwomba jogoo msamaha kwa lugha ya kwao. Binti wa ukoo wetu alikimbia nyuma ya nyumba kucheka. Kisha mzungu akatoa kindoano kidogo na uzi, akakaa pale pale uani kwangu, akafunga manyoya juu ya ndoano, akaongeza nywele za mkia wa ng'ombe, akazungusha uzi, akakaza, akainua. Kilikuwa kama mdudu. Akasema, "Huyu ni nzi. Mimi ninavua kwa nzi."

Ndipo akatueleza. Kwao kuna samaki mkubwa anayeitwa laksi, mwekundu ndani kama papai lililoiva. Anazaliwa mtoni, anashuka kwenye bahari ya chumvi, anakaa huko miaka, halafu anarudi kwenye mto ule ule aliozaliwa, anaruka maporomoko, anapanda mpaka juu kabisa kutaga. Watu hutoka nchi za mbali kumvua kwa nzi wa manyoya. Nilimsikiliza nikaona ni ningu anayezungumziwa. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia na habari ya Mama. Macho yake yakawaka.

"Basi ningu ni ndugu wa laksi!" akasema. "Mama, nitakuvulia mmoja."

Shemeji alitikisa kichwa. "Ndugu, nisikilize. Ningu hali nzi. Ningu anakula matope ya kwenye mawe. Hata mnyoo hamtaki."

"Hata laksi hali kitu akipanda mto," mzungu akajibu. "Tumbo lake ni tupu safari nzima. Lakini akimwona nzi, anamwuma."

"Kwa nini amwume na hana njaa?"

"Hatujui. Labda ni hasira."

Mke mwenzangu alikuwa anapita na kuni. "Basi amefanana na Mama," akasema. "Hali, lakini anauma."

Tulicheka, lakini mimi sikucheka sana. Nilikuwa nimeshajifunga kwa yule mzungu kama mtu anayezama anavyojifunga kwa jani.

Alikuja Jumapili, kwa sababu siku nyingine alikuwa visimani. Hivyo nami nilianza kukosa misa. Jumapili ya kwanza alivaa suruali ya mpira iliyofika kifuani, akaingia mtoni mpaka kiunoni, akatoa ufito mrefu mwembamba wenye gurudumu dogo la kukunjia uzi, akaanza kurusha. Nilivyozoea mimi, ukivua kwa ndoano unatupa, unakaa, unangoja. Yeye aliupeleka uzi nyuma, akaupeleka mbele, nyuma, mbele, kama anayechapa ng'ombe wa hewani, na mwishowe yule nzi akatua juu ya maji taratibu, akabebwa na mkondo. Kisha akaanza tena. Ilipendeza kuiangalia kwa muda wa kupika chai. Baada ya hapo ilichosha, na saa tatu zilipopita ilinitia wazimu.

Alivua tawi la mkuyu. Alivua kitambaa changu cha kichwa, nikiwa nimekivaa. Alivua gauni la binti wa ukoo wetu lililoanikwa kichakani, na binti akapiga kelele, "Mzungu, hilo si samaki, hilo ni la kanisa!" Samaki hakuvua. Kila nilipouliza, alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa tofauti. Leo maji ni machafu. Leo maji ni mengi mno. Leo jua ni kali, samaki wanaona uzi.

"Na kwenu unashika wangapi kwa siku?" nikamwuliza Jumapili ya pili.

"Mwaka jana nilivua siku saba," akasema akitabasamu. "Sikushika hata mmoja. Ilikuwa wiki nzuri sana."

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Siku saba, bila samaki, wiki nzuri! Mimi nyumbani nina mama wa watu anayekauka kama muhogo juu ya paa, na tumaini langu liko mkononi mwa mtu anayefurahia kukosa. Niliondoka pale mtoni, nikaenda nyuma ya mkuyu, nikang'oa nyasi kwa mikono miwili mpaka viganja vikauma. Kisha nikarudi nikakaa, kwa sababu ningefanya nini?

Katikati ya wiki Mama alianza kukataa hata chai. Mifupa ya mabega ilichongoka. Wifi yangu mkubwa alikuja kumwona, akainua blanketi, akalirudisha, akanitazama mimi, hakusema neno. Afadhali angesema.

Jumapili ya tatu ndiyo siku tuliyokuwa watano. Mvua ilikuwa imenyesha milimani siku mbili, maji yamepanda kisha yakaanza kushuka, rangi ya chai ya maziwa. Shemeji aliyaangalia akasema, "Kama wapo, watapita leo." Mzungu alifunga nzi mpya, mwenye manyoya mekundu ya jogoo wangu, akaingia majini. Nyuma, mbele. Nyuma, mbele. Binti alikuwa anapiga nguo kwenye jiwe. Mke mwenzangu aliketi juu ya ndoo yake iliyopinduliwa, akimenya karanga.

"Hata mimi ningekuwa samaki," akasema, "ningeng'ata ili aende nyumbani."

Mara ufito ukapinda.

Uzi ulikata maji kwenda upande wa juu, ukakata kurudi chini. Mzungu alikuwa anasema maneno ya kwao kwa sauti ndogo. Shemeji akaingia mtoni na viatu vyake. Na pale karibu na mawe samaki akageuka ubavu, nikaona mgongo wa kijivu, nikaona tumbo jeupe limetuna, nikaona mdomo uko chini ya uso.

"Ningu!" shemeji akapaza sauti. "Wallahi, ningu! Ana mayai!" Alikuwa Mkristo lakini siku hiyo aliapa Kiislamu.

Mzungu alipiga goti ndani ya maji, akamshika samaki kwa mikono miwili, nusu ndani ya maji nusu nje, kama unavyomshika mtoto wa kuoshwa. Kisha uso wake ukabadilika. Alikuwa anaangalia pezi la mgongoni. Ndoano ilikuwa imeingia hapo. Ningu hakuuma nzi, kama shemeji alivyosema. Nzi alimpitia mgongoni akamnasa.

Sasa, mimi sikujua, na hakuna aliyenieleza kabla, kwamba kwao samaki aliyenaswa mgongoni hahesabiwi kuwa ameshikwa. Na samaki mwenye mayai, watu wengi humrudisha mtoni akatage. Mzungu alikuwa amebeba sheria mbili kutoka kwao, zote mbili zinamwambia afungue mkono, na alikuwa na ahadi moja tu iliyomwambia afunge. Akageuka akanitazama. Ninaukumbuka uso ule, ulikuwa unaniomba nimwamulie.

"Mama!" akaniita. "Nimfanyeje?"

Nilidhani anauliza nani atamchukua. Mke mwenzangu alikuwa tayari amesimama na ndoo yake, na nilimfahamu, angembeba samaki yeye na kumfikisha kwa Mama kwa mkono wake, na sifa zangu zote ziishie hapo. Nikapaza sauti kwa Kiswahili, kwa nguvu zangu zote:

"Mwachie Mama!"

Yaani, huyo ni wa Mama, mwachie yeye, mtu mwingine asimguse.

Mzungu akatabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akachomoa ndoano, akaushusha mwili wa samaki majini, akamwelekeza kichwa upande mkondo unakotoka, akamshikilia kidogo apate nguvu, halafu akafungua vidole.

Niliona mkia ukipiga mara moja.

Shemeji alijitupa pale samaki alipokuwa, mwili mzima, akatoka na matope. Mke mwenzangu aliangusha ndoo. Binti alisimama na shati la mtu mkononi linatiririka maji. Mimi nilisikia sauti ikipiga kelele, na baada ya muda nikajua ni yangu, na ilikuwa inatukana kwa Kijaluo, maana matusi ya Kiswahili sikuwa nayo ya kutosha.

"Lakini mama," mzungu akasema, amesimama na mikono mitupu, "ulisema nimwachie!"

"Nilisema umwachie Mama!"

"Ndiyo. Ulisema 'mwachie, mama.' Kina mama wa huku huwaita watoto wao 'mama' kwa upendo, nikadhani nawe umeniita hivyo." Alikuwa amekuwa mweupe zaidi. "Mwalimu alitufundisha, kumwachia mtu ni kumfungulia aende. Polisi wamemwachia. Si ndivyo?"

Ndivyo. Hilo ndilo lililoniuma na linaniuma hadi leo. Ndivyo. Neno ni lile lile. Ukiliweka kwa mtu, ni kumwekea kitu chake. Ukiliweka kwa samaki, ni kumpa njia aende zake. Kwa Kijaluo ningesema, na hakuna ambaye angekosea. Kiswahili changu cha darasa la tatu kilinitosha kwa chumvi na sabuni miaka yote ile, kikanisaliti kwa samaki mmoja.

"Rusha tena," nikamwambia. "Rusha sasa hivi."

Alirusha mpaka mchana, anatetemeka kwa baridi, na mimi sikumhurumia. Hakuna kitu kilichogusa ule uzi tena. Jumapili iliyofuata maji yalikuwa yamepungua, mawe yako nje, na shemeji akasema waliokuwa wapite wamepita.

Siku ile samaki alipoachiwa, nilikuwa natembea kurudi nyumbani nikipanga uongo. Sikuuhitaji. Mke mwenzangu alikuwa ametangulia, na nilipofika mlangoni nilimkuta amechuchumaa kando ya mkeka, hadithi imefika kwenye mkia uliopiga mara moja. Akanipisha.

Mama alinitazama. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, lakini yalikuwa makali.

"Alikuwa na mayai?" akauliza.

"Alikuwa nayo, Mama."

"Mengi?"

"Tumbo lilijaa."

"Na ulikuwa umesimama karibu naye kiasi gani?"

Nikamwonyesha, kutoka pale hadi mlangoni. Akapima kwa macho. Kisha akaanza kuinuka, nikakimbia kumshika, akausukuma mkono wangu, akaketi peke yake.

"Lete uji," akasema.

"Mama?"

"Lete uji nimesema! Siwezi kufa jikoni kwa mtu kama wewe. Utaniwekea jeneza, halafu uwaambie waniachie."

Alikunywa bakuli zima kwa hasira, akinitazama juu ya ukingo wa bakuli. Jioni akaomba ugali. Sitadanganya kwamba nilifurahi siku hiyo. Nilikaa jikoni nikalia, na nilikuwa nalia kwa uchungu, kwa sababu wiki tano nilizunguka Migori na Homa Bay kwa ajili ya kitu cha kumwinua, na kilichomwinua ni kosa langu.

Mzungu alimalizia visima vyake, akaenda kwao likizo, akarudi na kifurushi kilichobanwa kwa plastiki. Alikipeleka mwenyewe kwa Mama, akapiga goti. Ilikuwa laksi, imekatwa vipande vyembamba kama karatasi, nyekundu kweli kama papai. Mama akauliza kitu kimoja, kama ana magamba. Mzungu akasema anayo. Mama akaweka kipande ulimini, akafunga macho, akakaa hivyo.

"Mwambie hajaiva," akanigeukia. "Mwambie na chumvi imezidi. Lakini mwambie asante, yeye hana kosa. Yeye aliambiwa aachie, akaachia."

Aliishi miaka mitano zaidi. Alikula kila kitu nilichompikia, na kwa kila samaki niliyemweka mbele yake aliuliza, "Huyu umenishikia mkia?" Wageni walisimuliwa. Wachungaji walisimuliwa. Wajukuu waliigiza, mmoja akiwa samaki. Ningu hakumla tena, na si kwamba niliacha kutafuta. Kila mvua nilishuka Kuja na kapu, nikarudi na kapu. Alipofariki alikuwa ameshiba, mnene kiasi, na hakuna mtu aliyeuliza alikuwa akila kwa nani. Lakini mimi najua alichoomba na najua hakukipata.

Shemeji anashikilia kwamba sikusema "Mama" kabisa, kwamba nilisema "Mwachie!" peke yake, na mzungu alifanya alivyoambiwa na mtu mwenye akili timamu. Mke mwenzangu, kabla hajatutoka, aliapa nilisema "Mwache." Binti wa ukoo wetu alikuwa anapiga nguo, anasema alisikia kelele tu. Mimi nakumbuka nilisema maneno mawili, na la pili lilikuwa Mama, kwa herufi kubwa, lakini nilikuwa nimepiga kelele na masikio yangu yalijaa maji ya mto. Kama wewe unayesoma hapa ulipita daraja la Kuja Jumapili hiyo, au mzazi wako alipita akasikia mwanamke akipiga kelele kule chini, na ulisikia tofauti na nilivyoandika, njoo nyumbani uniambie nilisema nini. Sitakasirika. Nitasahihisha.